Nesi wa akili: si kazi ya kulinda "machizi"!

 

Hebu kuwa mkweli. Mwenzio akifanya kituko darasani, huwa mnamwambiaje? "Wewe vipi, umetoroka Mirembe nini?" Darasa zima linaangua kicheko, na kipindi kinaendelea.

Sasa jiulize: hiyo Mirembe yenyewe unaijua? Iko Dodoma. Ilianza enzi za ukoloni wa Waingereza, miaka ya 1920, na leo ndiyo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Wanaolazwa pale ni kaka za watu, dada za watu, mama za watu. Wamo waliosoma sana na wamo ambao hawakusoma kabisa. Na usiku wa manane, wakati wewe umelala fofofo, kuna mtu yuko macho wodini anawahudumia. Mara nyingi mtu huyo ni muuguzi, au kama tulivyozoea kumwita, nesi.

Kila tunapotembelea mashule kuzungumzia kazi za afya, mikono inanyooka: nataka kuwa daktari, nataka kuwa mfamasia, nataka kuwa mtaalamu wa maabara. Ukitaja uuguzi wa akili, kimya! Halafu vicheko. Basi safari hii tunaongea kuhusu kazi hiyo hiyo inayochekwa. Unasomea nini? Miaka mingapi? Kombi ipi? Na kwa nini mtu mwenye akili zake timamu (utani kidogo!) aichague?

NESI WA AKILI NI NANI HASA?

Wengi wanadhani ni mtu mwenye misuli anayeshika wagonjwa wasikimbie. Hapana. Mlinzi analinda geti. Nesi anauguza.

Muuguzi wa afya ya akili ni mtaalamu aliyesomea kumhudumia mtu ambaye mawazo yake, hisia zake au tabia yake imevurugika kiasi cha kumzuia kuishi maisha yake ya kawaida. Huyo anaweza kuwa mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Anaweza kuwa mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita na sasa hali, halali, wala hataki kumwona mtoto. Anaweza kuwa kijana anayejaribu kuacha heroini. Anaweza kuwa mwenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka kwa wiki na wiki, mpaka mtu anashindwa hata kuoga. Na hapa kwetu kliniki za akili huhudumia pia watu wengi wenye kifafa.

Kazi yake ni ipi? Kumpokea mgonjwa na kusikiliza maelezo ya ndugu. Kumwangalia saa kwa saa: amekula? Amelala? Anaongea na nani? Kumpa dawa na kuhakikisha ameimeza. Kuangalia kama dawa inamsaidia au inamsumbua. Kuongea naye. Kuielimisha familia. Kumwandaa kurudi nyumbani, na baadaye kumfuatilia asiache dawa.

Daktari anapita wodini asubuhi, anamwona mgonjwa kwa dakika chache. Nesi ndiye anayekaa naye zamu nzima. Mara nyingi anachokijua daktari kuhusu usiku wa mgonjwa amekisoma kwenye maandishi ya nesi. Nesi akiandika ovyo, daktari ataamua ovyo.

KWA NINI NISOME KEMIA KAMA KAZI NI KUONGEA?

Swali zuri, na ndilo linalowashangaza wengi! Wanasema, si ni ushauri nasaha tu? Haya, sikiliza mfano huu.

Kijana wa kidato cha tatu analetwa hospitali akiwa amefungwa kamba. Tangu jana anaongea maneno yasiyoeleweka, hawatambui ndugu zake, anapigana. Ndugu wanasema: "Amerogwa, kuna mtu anamwonea wivu kwa sababu anaongoza darasani." Mwingine anasema: "Hapana, bangi hiyo." Wewe ndiye nesi uliye zamu. Unaanza na lipi?

Unaanza na kipimajoto! Unapima joto, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na sukari. Unachukua damu ya kupima malaria. Kwa nini? Kwa sababu malaria ya kichwa inaweza kumfanya mtu aonekane kichaa. Homa ya uti wa mgongo nayo vile vile. Sukari ikishuka sana, mtu anaweza kuongea ovyo na kuwa mkali. Kaswende iliyokaa miaka mingi bila tiba inaweza kufika kwenye ubongo. Virusi vya UKIMWI pia vinaweza kuathiri ubongo. Hata mlevi wa kila siku akiacha pombe ghafla anaweza kutetemeka na kuona vitu ambavyo havipo.

Kuna dokezo moja ambalo wanafunzi wa uuguzi hufundishwa mapema: kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, hasa kukiwa na homa, tafuta kwanza chanzo mwilini. Ukikosea hapo na kumfungia chumbani "mpaka atulie", unaweza kumkuta amekufa kwa malaria ambayo ingetibika.

Umeona sasa? Ndiyo maana huwezi kuruka baiolojia ukaenda moja kwa moja kwenye akili. Ubongo ni kiungo cha mwili. Unakula sukari ile ile, unapata damu ile ile, unaugua kama viungo vingine.

SHINGO IMEPINDA: PEPO AU DAWA?

Mfano wa pili. Mgonjwa ameanza dawa ya kutuliza sauti anazozisikia, labda haloperidol. Siku ya pili shingo inapinda upande mmoja, macho yanageuka juu, ulimi unakuwa mzito. Ndugu wanapiga kelele: "Tulisema ni mapepo! Tumtoe hapa twende kwa mganga!"

Nesi aliyesoma famakolojia, yaani elimu ya dawa na namna zinavyofanya kazi mwilini, haogopi. Anajua haya ni madhara ya pembeni ya dawa. Kwenye ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini. Dawa hizi hupunguza nguvu ya dopamini, na hapo sauti hupungua. Lakini dopamini hiyo hiyo husaidia pia kuongoza misuli. Ikizuiwa ghafla, misuli hukakamaa, na hali hii huwapata zaidi vijana. Nesi anamwita daktari, mgonjwa anapewa dawa ya kulegeza misuli, na mara nyingi shingo inarudi sawa kwa muda mfupi.

Kisha anakaa na ndugu na kuwaeleza kilichotokea kwa lugha wanayoielewa. Hii ni sehemu ya tiba, usidhani ni adabu tu. Ndugu wasipoelewa watamchukua mgonjwa wao, dawa zitaachwa, na baada ya miezi atarudishwa akiwa na hali mbaya zaidi.

Je, wajua? Dawa ya kwanza ya aina hii, klopromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili huko Paris, Ufaransa, mwaka 1952. Kabla ya hapo watu wengi walifungiwa hospitalini miaka na miaka bila dawa ya maana. Na mwaka huo huo wa 1952, muuguzi mmoja wa Marekani, Hildegard Peplau, alitoa kitabu kilichobadilisha uuguzi. Alisema uhusiano kati ya nesi na mgonjwa wenyewe ni tiba. Dawa ina kazi yake, na mtu anayeileta ana kazi yake pia.

KIFAA CHAKO NI WEWE MWENYEWE

Hapo ndipo penye kiini cha taaluma hii. Nesi wa chumba cha upasuaji ana makasi na koleo. Nesi wa akili naye ana sindano na vidonge, lakini kifaa chake kikubwa ni yeye mwenyewe: sauti yake, macho yake, subira yake, hata namna anavyokaa kitini. Na kifaa hicho hufunzwa kama unavyofunzwa kuchoma sindano. Hakuna anayezaliwa nacho.

Hebu jipime. Uko zamu ya usiku. Mzee wa miaka 60 amekaa pembeni ya kitanda, anatetemeka. Anakwambia: "Binti yangu, funga mlango. Wanakuja kunichukua. Nawasikia pale nje wananitaja jina." Unachungulia. Nje hakuna mtu. Utamjibuje?

A. "Mzee, hakuna mtu bwana. Hayo ni mawazo yako tu. Lala."

B. "Kweli mzee, nawaona. Ngoja nikawafukuze."

C. "Shikamoo, mzee. Naona una hofu. Mimi sauti hizo sizisikii, ila naamini wewe unazisikia na zinakutisha. Hapa ni hospitali na mimi ni muuguzi, nipo mpaka asubuhi. Hebu niambie, zinakwambia nini?"

Umechagua A? Wengi huchagua hiyo. Tatizo ni kwamba kwake yeye sauti zile ni za kweli, kama wewe unavyosikia kengele ya shule. Ukimbishia, anajua huwezi kumsaidia, na kesho hatakwambia kitu.

B je? Unaonekana mwema, kumbe umemdanganya na umeithibitisha hofu yake. Sasa ana uhakika kwamba wapo.

Jibu ni C. Angalia limefanya mambo mangapi. Limempa heshima yake ya mzee. Limeitaja hofu yake. Limesema ukweli bila kubishana. Limemwambia yuko wapi na yuko na nani. Na lile swali la mwisho si umbeya! Nesi anataka kujua kama sauti hizo zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu. Kama ndivyo, mpango wa usiku huo unabadilika pale pale: mgonjwa hakai peke yake na daktari anaitwa.

Chuoni mnafanyishwa mazoezi ya namna hii: mmoja anaigiza mgonjwa, mwingine nesi, wengine wanaangalia na kukosoa. Mnafundishwa pia kwamba uhusiano huu una mwanzo, kati na mwisho: kufahamiana, kufanya kazi pamoja, na kuagana. Ndiyo, hata kuagana kunasomewa! Nesi si rafiki wa mgonjwa wala mchumba wake. Hampi ahadi asizoweza kuzitimiza, hasimulii siri zake kijiweni, na siku ya kuruhusiwa anamwachia mgonjwa nguvu ya kusimama mwenyewe.

AKISEMA ANATAKA KUFA

Sehemu hii isome hata kama huna mpango wowote wa kuwa nesi.

Kuna imani kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, ndiyo umempa wazo. Si kweli. Mtu aliye kwenye maumivu hayo wazo analo tayari, na wengi hupata nafuu kidogo mtu anapothubutu kuuliza kwa upole. Wanafunzi wa uuguzi wa akili hufundishwa kuuliza waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kisha wananyamaza na kusikiliza bila kuhukumu.

Wewe si nesi, lakini rafiki yako akikwambia hataki kuishi tena, mambo manne unayaweza leo hii. Mosi, mwamini, usimwambie anadeka. Pili, usimwache peke yake. Tatu, usikubali iwe siri yenu. Nne, mfikishe kwa mtu mzima unayemwamini: mzazi, shangazi, mwalimu mlezi, matroni au patroni, kisha kituo cha afya, haraka. Akikukasirikia leo kwa kuvunja siri, si neno. Kesho atakuwepo wa kukukasirikia.

Na kama ni wewe mwenyewe unayejisikia hivyo, usisubiri. Mwambie mtu leo.

NJIA YA KUFIKA CHUONI

Haya, tuingie kwenye mambo ya mitihani. Kalamu iko tayari?

Hapa Tanzania, njia ya kawaida ya digrii ni kusoma kwanza Shahada ya Uuguzi, miaka minne, halafu kubobea kwenye afya ya akili baadaye. Yaani kwanza unakuwa muuguzi kamili, kisha unakuwa muuguzi wa akili. Uingereza ni tofauti kidogo: kule mwanafunzi anachagua tangu kuomba chuo kama anataka uuguzi wa watu wazima, wa watoto, wa wenye ulemavu wa kujifunza au wa afya ya akili, na digrii ni miaka mitatu. Usichanganye habari za huko na za hapa!

Ukiwa kidato cha nne: kaza buti kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hisabati na Kiingereza usivitupe. Hata ukija kuomba chuo miaka sita baadaye, matokeo haya huangaliwa tena.

Ukienda kidato cha sita: PCB ndiyo njia iliyonyooka zaidi. Mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, hutaka ufaulu wa Kemia na Baiolojia, pamoja na somo la tatu kama Fizikia. Mwongozo hutolewa upya kila mwaka, kwa hiyo usome wa mwaka wako mwenyewe. Usitegemee alichokwambia binamu yako.

Ukitokea kidato cha nne moja kwa moja: ipo njia ya diploma. Ukiwa na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, unaweza kuomba chuo cha uuguzi na ukunga kwa miaka mitatu. Ukimaliza vizuri unaweza kufanya kazi, na baadaye kuomba digrii kwa kutumia diploma yako. Ni njia ndefu, lakini imewafikisha wengi, na unafika ukiwa na uzoefu wa wodini.

Vyuo? Miongoni mwa vinavyotoa Shahada ya Uuguzi ni Muhimbili na Hubert Kairuki jijini Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Kuhusu ada, wanafunzi wa digrii wenye sifa huomba mkopo Bodi ya Mikopo. Tunza vyeti vyako tangu sasa, hasa cha kuzaliwa. Usisubiri wiki ya mwisho uanze kuhangaika!

MIAKA MINNE YA NINI?

Mwanzo unasoma mwili: anatomia, fisiolojia, baiokemia, vijidudu. Unajifunza pia saikolojia, na misingi ya uuguzi: kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake, kuosha mikono ipasavyo, kuchoma sindano, kutunza kumbukumbu.

Kisha unaingia kwenye magonjwa na dawa. Unazunguka wodi za watu wazima, watoto na upasuaji. Unazalisha. Unaenda vijijini kusoma afya ya jamii. Kwenye afya ya akili unasoma skizofrenia, sonona, baipola, magonjwa ya wasiwasi, uraibu, kifafa, na sheria. Ndiyo, sheria! Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na nesi lazima ajue ni lini mtu anaweza kulazwa bila ridhaa yake na ni haki zipi anabaki nazo. Mgonjwa wa akili hapotezi haki zake mlangoni.

Karibu na mwisho unafanya utafiti wako na kuandika ripoti. Ukihitimu, unafanya mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Unatakiwa pia kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Bila leseni, hugusi mgonjwa.

Baada ya hapo, ukitaka kubobea, unasoma Shahada ya Uzamili ya uuguzi wa afya ya akili. Muhimbili ni mojawapo ya vyuo vinavyoitoa.

MASWALI TUNAYOULIZWA SANA

"Ukikaa nao sana, si utakuwa kama wao?"

Hapana. Ugonjwa wa akili hauambukizi kama mafua. Na kifafa hakiambukizi kwa mate, povu wala kwa kumshika mtu aliyeanguka. Kinachoweza kumpata nesi ni uchovu na huzuni, kama ilivyo kwa kila anayehudumia watu wenye mateso. Ndiyo maana hufundishwa kujitunza: kulala, kuongea na wenzake, kuomba msaada mapema.

"Watakupiga!"

Inatokea, hatukufichi. Lakini wagonjwa wengi wa akili si wakali kabisa, na wengi wao ndio wanaopigwa, kufungwa na kufichwa na jamii. Nesi hufundishwa kuona dalili za hasira mapema, kushusha sauti, kumpa mgonjwa nafasi na kutosimama peke yake mahali pasipo na njia ya kutokea. Nguvu ni hatua ya mwisho, na ina taratibu zake.

"Mimi mvulana, nitasomeaje unesi?"

Kwani uuguzi una jinsia? Wanaume wapo wengi, chuoni na wodini. Labda uzoee tu jambo moja: wagonjwa watakuita "dokta" hata ukikanusha mara mia.

"Wazazi wanasema nitakosa heshima."

Kaa nao uwaeleze. Waambie ni digrii ya miaka minne yenye leseni ya serikali. Waambie pia ukweli wote: mshahara si wa kutajirisha, zamu za usiku zipo, na ajira za serikali wakati mwingine husubiriwa. Mzazi akiona umechunguza mazuri na magumu, atajua hujakurupuka.

"Kazi nitapata wapi?"

Mbali na Mirembe, zipo wodi na kliniki za akili katika hospitali mbalimbali. Ipo Lutindi kule milima ya Usambara, hospitali ya kanisa ambayo ni miongoni mwa hospitali za akili kongwe Afrika Mashariki. Zanzibar ipo Kidongo Chekundu. Zipo pia kliniki za methadoni kwa wanaoacha heroini. Ya kwanza Tanzania ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Mashirika na vyuo navyo huhitaji watu.

KWA NINI TUNAKUSUMBUA NA HABARI HII?

Kwa sababu wahudumu ni wachache mno. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020 zinaonyesha kwamba kanda ya Afrika ina wahudumu wa afya ya akili chini ya wawili kwa kila watu 100,000. Hapo wamehesabiwa madaktari, manesi na wengine wote kwa pamoja! Shirika hilo hilo linasema kijana mmoja kati ya saba wenye miaka 10 hadi 19 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili. Hesabu darasa lenu lina wanafunzi wangapi, gawanya kwa saba. Hao si watu wa mbali.

Wahudumu wakiwa wachache, pengo hujazwa na kamba, minyororo na vyumba vya uani. Familia haifanyi hivyo kwa ukatili. Mara nyingi imekosa pa kwenda, au imeona aibu kwenda mahali panapochekwa. Na kicheko hicho ni chetu sote, kuanzia kile cha darasani.

UTAJIJUAJE KAMA KAZI HII INAKUFAA?

Jibu maswali haya kimoyomoyo. Unaweza kukaa na mtu anayelia bila kumwambia "nyamaza"? Unaweza kutunza siri ya mtu hata ukiwa na hamu ya kuisimulia? Unaweza kusikiliza jambo lile lile mara ya kumi? Ukitukanwa, unaweza kujiuliza "ana nini huyu?" kabla ya kurudisha tusi? Uko tayari kusoma Kemia hata kama huipendi sana?

Ukijibu ndiyo kwa mengi, fikiria vizuri. Ukijibu hapana, usikate tamaa. Mengi kati ya hayo hufundishika, na hicho ndicho chuo kinachokupa.

Na kama umeamua hutaki, sawa kabisa! Tunakuomba kitu kimoja tu. Yule ndugu wa jirani aliyefungiwa uani, iambie familia yake kwamba tiba ipo na waanzie kituo cha afya kilicho karibu. Yule mwenzenu aliyerudi shuleni baada ya kulazwa, mpishe kiti karibu na wewe. Na siku mtu atakapomtania "umetoroka Mirembe nini", usicheke.

Una swali kuhusu kombi, chuo au jambo lolote tulilolisema hapa? Tuandikie, tutakujibu. Kila la heri kwenye masomo!